Kombe la zamani la besiboli: ligeuze kabla hujalipa

Kombe langu la kwanza la besiboli nililiharibu mwenyewe. Lilikuwa jeusi kama sufuria ya kuni, nikalisugua kwa dawa ya kung'arishia fedha mpaka rangi ya shaba ikachungulia. Fedha ilikuwa ngozi tu, nami nimeimaliza. Kwa hiyo dawa hiyo iache dukani, tuanze hivi.

1. Geuza kitako juu. Ukiona "Sterling", ni fedha halisi, sehemu 925 kati ya 1,000. "Quadruple plate" ni madini ya bei nafuu yaliyopakwa fedha, na vikombe vingi vya zamani ndivyo vilivyo. Sanamu ya mpigaji ikiitwa shaba, omba ruhusa uikwaruze kidogo kwa chini: ikitoka kijivu, ni zinki iliyopakwa rangi.

2. Soma maandishi. Hapa usiwe na haraka, maana kombe lisilo na maandishi ni pambo la kabatini tu. Chukua kioo cha kukuzia. Mchongo wa zamani una weusi ndani ya mistari na kingo zake zimelainika. Kombe likiwa limechakaa lakini herufi zinameta ndani, kuna mtu ameziongeza juzi. Kagua na kibati chenye maandishi kilichopigiliwa kitakoni: ukiona kivuli cha kibati kingine pembeni yake, au misumari mipya, rudisha mezani taratibu.

3. Lipeleke kwenye magazeti. Mwaka 1949 Marekani ilikuwa na ligi ndogo 59, yaani ligi za kulipwa zilizo chini ya ligi kuu; nyingi zikafa bila kelele, ila magazeti ya miji yao yalizitaja. Chronicling America, hifadhi ya mtandaoni ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ni bure. Tafuta timu, mwaka na daraja. Madaraja B, C na D ya ligi ndogo yalifutwa 1963, basi "Class D" ya mwaka 1970 ni uongo mtupu. Jina la kiwanda likitokea, huenda ni ligi ya wafanyakazi. Mimi nazipenda, ila usilipe bei ya ligi ndogo.

4. Karatasi za besiboli nazo zimulike. Kijitabu cha mechi cha 1912 kikiwaka buluu chini ya tochi ya UV (mwanga wa urujuanimno), karatasi yake ni ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kadi za Zee-Nut, picha za wachezaji wa ligi ndogo ya Pacific Coast League zilizotoka na peremende (1911 hadi 1938), zikiwa fupi, usishtuke: watoto walikata kuponi ya chini wapate zawadi. Yenye kuponi yake ndiyo ghali.

5. Osha kidogo. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni, kitambaa laini, kausha papo hapo. Kitako cha mbao kisiguse maji. Usifunge chochote kwa raba, kwani salfa yake hula fedha. Kombe langu moja lina mstari mweusi kiunoni mpaka leo, pale aliyeliuza alipolizungushia raba kushikilia kifuniko.