Jinsi ya Kupima Erosoli kwa Fotomita ya Jua ya Mkononi

Erosoli ni chembe ndogo za moshi, vumbi na chumvi ya bahari zinazoelea hewani, na fotomita ya jua hupima ni kiasi gani cha nuru zimekizuia kabla hakijafika ardhini. Mtandao wa AERONET, unaoongozwa na NASA na uliowahi kupima Nairobi na Mbita kando ya Ziwa Victoria, hutumia mashine zinazolifuata jua zenyewe. Mwongozo huu unahusu kifaa cha mkononi chenye LED ya kijani (taa ndogo ya kielektroniki, ambayo hapa huhisi nuru badala ya kuitoa), inayohisi nuru ya takriban nanomita 505.

Chunguza anga kwanza. Liweke jua nyuma ya kona ya paa, kisha uangalie pembeni mwake, kwa sababu wingu jembamba kama utandu likipita hapo, kifaa hulihesabu kuwa moshi. Nami niliwahi kuandika siku ya vumbi jingi ambayo haikuwa na vumbi lolote.

Usilitazame jua. Geuza kifaa mpaka doa la nuru linalopita kwenye tundu la mbele liangukie alama ya nyuma, usome volti ya juu kabisa, kisha uzibe tundu na kusoma volti ya giza. Rudia mara tatu au zaidi, ukiandika saa sahihi kila mara, maana pembe ya jua hukokotolewa kutokana na saa hiyo.

Tuseme umesoma volti 1.11, giza ni 0.01, na jua liko nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, ambapo nuru hupita katika hewa maradufu ya ile ya utosini. Ikiwa kifaa kingesoma volti 2.00 nje ya angahewa, logi asilia ya 2.00 gawanya kwa 1.10 (yaani 1.11 toa 0.01 ya giza) ni 0.598, igawe kwa 2 upate 0.299. Kwa mwinuko wa Nairobi, ondoa takriban 0.11 ya molekuli za hewa na 0.01 ya ozoni, ibaki 0.18, ambayo ndiyo sehemu ya erosoli.

Ile 2.00 ndiyo roho ya kazi. Hupatikana kwa kupima asubuhi nzima chini ya anga tulivu, afadhali mlimani, kuchora logi ya volti dhidi ya wingi wa hewa ambayo nuru imepitia (ile 2 ya mfano wetu), na kuurefusha mstari hadi wingi huo uwe sifuri. Irekebishe pia kwa umbali wa jua, kwani nuru ya Januari huizidi ya Julai kwa karibu asilimia 7.