Nguruwe Mwitu wa Texas: Kwa Anayeingia Msitu wa Umma Mara ya Kwanza

Nguruwe wangu wa kwanza sikumla hata kipande. Nilimpiga saa kumi jioni, jike la kama kilo 50, ng'ambo ya kijito, maili mbili kutoka nilipoegesha gari. Ilikuwa Novemba, lakini Novemba ya Texas siku nyingine inakupa joto la nyuzi 28. Nilikuwa peke yangu, sina kamba ya maana, nikamkokota mzima bila kumpasua. Nilifika garini saa nne usiku. Kesho yake nilipochana paja, nyama iliyo karibu na mfupa ilikuwa imeshachacha. Nikaitupa yote.

Mimi nimekulia kijijini nje ya Songea. Kule mtoto analala kwenye dungu akilinda mahindi yasimalizwe na nguruwe pori, na akipatikana mmoja, nyama inafika hadi kwa jirani wa mwisho. Kutupa mnyama mzima kuliniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Kwa hiyo ukiniuliza nguruwe anawindwaje, sitaanzia kwenye bunduki. Nitaanzia kwenye gari lako: je, ukimwangusha pale ulipo, utamfikishaje hapa kabla nyama haijaharibika? Kama huna jibu, usipige.

Ninapowinda ni Msitu wa Taifa wa Sam Houston, mwendo wa saa moja hivi kaskazini mwa Houston kwa barabara ya I-45. Una ekari zipatazo 163,000 za misonobari na mialoni, na ofisi yake iko New Waverly. Hapo huhitaji kumjua tajiri mwenye ranchi wala kumlipa mtu ada ya kuingia shambani kwake. Unachohitaji ni karatasi, na hapo ndipo wageni wengi wanapoteleza.

Utasikia watu wakisema nguruwe Texas hahitaji leseni. Wanasema nusu. Tangu Septemba 2019, leseni haihitajiki kwenye ardhi ya mtu binafsi aliyekuruhusu. Kwenye ardhi ya umma unaihitaji. Mkaazi wa Texas analipa dola 25, na mwaka wa leseni unaanza Septemba 1 hadi Agosti 31. Juu yake kuna kibali cha mwaka cha kuwinda kwenye ardhi za umma, dola 48, pamoja na ramani za maeneo yote yanayoruhusiwa. Ukiwa umezaliwa Septemba 2, 1971 au baada ya hapo, lazima uwe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mtu mzima anaweza kusoma na kumaliza kwa intaneti. Halafu soma kanuni za eneo lenyewe unalokwenda, mstari kwa mstari. Mahali pengine nguruwe anawindwa tu msimu fulani ukiwa wazi, na kwa silaha ya msimu huo. Kumwaga mahindi kama chambo usithubutu.

Na hili nawaambia ndugu zangu wahamiaji waziwazi, maana nimeona mtu akialikwa porini na wenzake wa kazini bila kujua hatari anayoiendea. Asiye na kibali cha kuishi Marekani, sheria ya nchi inamkataza kushika bunduki au hata risasi moja. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Mwenye viza ya muda amekatazwa pia, isipokuwa akiingia kwenye masharti maalumu, na leseni halali ya kuwinda ni mojawapo. Kama uko kundi hilo la tatu, ongea na mwanasheria kabla ya kugusa silaha ya rafiki.

Nguo: vaa rangi ya chungwa inayong'aa. Kwenye ardhi za umma Texas inataka inchi 400 za mraba, kati ya hizo 144 kifuani na 144 mgongoni, na kofia ya rangi hiyo hiyo. Msitu huu una njia ya waenda kwa miguu ya zaidi ya maili 100, hivyo nyuma ya kichaka chochote anaweza kuwepo mama na watoto wake. Nguruwe haoni mbali, hiyo chungwa haimshtui.

Kinachomshtua ni harufu yako. Mimi hutembea na soksi kuukuu ya mtoto iliyojaa majivu yaliyochekechwa. Naitikisa kidogo mbele ya uso, kivumbi kinatoka, nakiangalia kinaelekea wapi. Asubuhi kwenye mabonde hewa huteremka na kijito, jua likipanda nayo hupanda mlima, na katikati kuna dakika ishirini hivi inazunguka tu haina mwelekeo. Dakika hizo nakaa chini. Nimewahi kukaribia kundi hadi nikasikia mbegu za mwaloni zikipasuka mdomoni mwao, ka, ka, ka, kisha upepo ukanigusa kisogoni. Jike kubwa lilikoroma mara moja. Nilichobaki kuona ni majani yakitikisika.

Utawapata wapi? Siku ya kwanza acha kabisa mawazo ya kupiga, tembea usome ardhi. Palipofukuliwa panaonekana kama pamepita jembe. Chota udongo ule: ukiwa mweusi na unyevu bado unang'aa, wamepita usiku huo, ukiwa mkavu na majani mapya yameangukia juu, endelea mbele. Nyayo zao ni za mviringo kuliko za swala wa huku, na kucha za nyuma zinaacha alama zilizotanuka pembeni. Angalia miti karibu na madimbwi: nguruwe hana jasho la kumpoza, hugaagaa matopeni, kisha hujisugua kwenye shina. Tope likiwa usawa wa goti lako, ni wa kawaida. Likifika pajani, dume hilo ni zito, na mimi binafsi simtaki, nyama yake ina harufu kali. Jike changa la kilo 30 au 40 ndilo la kuanzia: tamu, na linabebeka.

Watu wakianza kupitapita barabarani, nguruwe huhamia vichakani wanakochukia kuingia watu. Mimi hutafuta kichaka kinene kilicho ndani ya nusu maili kutoka barabara ya msituni, kinachopakana na mialoni, kisha naketi upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwangu, kabla hakujapambazuka.

Bunduki ya risasi za kipimo cha .243 au .308 inatosha. Msituni wengi utawapiga ndani ya yadi 60. Moyo wa nguruwe uko chini na mbele kuliko unavyodhani. Ukilenga katikati ya ubavu utamtoboa tumbo, atakimbia, na utampoteza. Subiri asimame ubavu, fuata mguu wa mbele juu hadi theluthi ya chini ya mwili, nyuma kidogo tu ya kiwiko. Dume ana ngozi ngumu kama ngao mabegani. Hakikisha nyuma yake hakuna watoto wake wala mtu. Akianguka, ingiza risasi nyingine kwenye bunduki, subiri dakika kumi, msogelee kwa nyuma.

Sasa kimbizana na joto. Vaa glavu za mpira kabla ya kisu, usizivue hadi mwisho: nguruwe hawa hubeba brusela, ugonjwa wa bakteria unaompata na binadamu, na unaingia kupitia kidonda kidogo au damu ikikurukia jichoni. Usimkokote. Mchune palepale, toa mapaja, mabega na minofu ya mgongo, tia kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, beba kwa begi la mgongoni safari mbili. Garini liwe deli kubwa lenye barafu tangu asubuhi. Mimi naacha kizibo cha chini wazi maji ya damu yatoke, naongeza barafu kwa siku mbili.

Wenzetu Waislamu na Wasabato hawali, na wapo wanaokuja nami kwa ajili ya kutembea porini tu, kubeba ni kwangu. Wanaokula: usimpikie mtu nyama hii ikiwa na wekundu katikati. Kuigandisha hakuui kila minyoo, moto ndio unaoua. Ifike nyuzi 71 za Selsiasi, ambazo kwenye kipimajoto cha huku ni 160. Bega mimi nalichemsha taratibu saa tatu kwa tangawizi na limau, kisha nalikaanga kwa mafuta yake lenyewe na kitunguu, pilipili mbuzi ikija mwisho, kama tulivyokuwa tukifanya Songea.