Perege wa Rutamba: namna ya kumtambua na kuandika mahali anapoishi

Samaki akishaingia kwenye mafuta hana kabila. Ndivyo nilivyoamini miaka yote niliyokaanga perege pale stendi ya Lindi. Beseni langu la kwanza lilitoka ziwa Rutamba kwenye keria ya baiskeli ya mjomba. Kazi yangu ilikuwa kuparua magamba, kupasua, kutia chumvi na ndimu, basi. Aliyechagua ni mjomba. Alikuwa akimshika samaki mkiani, anamgeuza kwenye mwanga, kisha anasema, "Huyu mgeni." Wengine aliwaita "wenyewe". Na kwetu Wamwera, mjomba akishasema jambo huwezi kumdai ushahidi.

Ushahidi umekuja baadaye, na umemuunga mkono mjomba. Kati ya mwaka 2013 na 2016 wataalamu wa samaki walipita kwenye maziwa yetu madogo ya kusini, Rutamba, Nambawala na Mitupa, wakakuta perege ambaye vitabuni alijulikana kuwa wa Tanga. Jina lake la kisayansi ni Oreochromis korogwe, kwa sababu alipata jina kutokana na Korogwe, huko bonde la Pangani. Kule kaskazini yuko pia mto Zigi na bwawa la Mlingano. Chukua ramani uweke kidole Zigi, kingine Rutamba: katikati pana zaidi ya kilomita 500, na mito mikubwa iliyopo hapo, Wami, Ruvu, Rufiji hadi Mbwemkuru, ina perege mwingine kabisa, Oreochromis urolepis.

Niliposikia habari hiyo nilisema moja kwa moja: kuna mtu alimleta kwenye ndoo, labda mkulima wa mkonge aliyehamia kutoka Tanga. Mkonge ulilimwa Tanga na ukalimwa Lindi, kwa hiyo hesabu yangu ilikubali. Kumbe sivyo. Walipopima vinasaba vyao, katika utafiti uliotoka mwaka 2021, walikadiria kwamba wa kusini na wa kaskazini waliachana miaka kama 140,000 iliyopita. Hakuna ndoo ya zamani namna hiyo. Huyu ni wa hapa, na hata kwa umbo hafanani sawasawa na ndugu zake wa Tanga.

Wataalamu haohao walikuta pia machotara: perege wetu aliyezaa na sato, yule perege wa kuletwa. Ndiyo maana naandika haya. Wao huja siku chache wakaondoka, sisi tupo ziwani kila wiki. Mvuvi, mchuuzi, mwalimu wa sayansi, yeyote mwenye simu na kaunta buku anaweza kuandika samaki huyu yuko wapi na hayuko wapi.

Anza na chanzo cha samaki kabla ya samaki mwenyewe. Perege uliyemkuta sokoni Lindi mjini hafai kwa kazi hii, hata awe mzuri namna gani, mpaka aliyemvua akwambie amemtoa maji gani. Siku hizi sato wa barafu huja kwenye maboksi kutoka kanda ya ziwa, wanamwagwa meza moja na wa kwetu. Wa kukaushwa kwa moshi waache kabisa, maana rangi imekwenda na mapezi yamevunjika. Nenda ufukweni asubuhi mitumbwi inaporudi. Salimia kwanza, "Shikamoo wazee, poleni na kazi," kaa, ongea habari za korosho na mvua, ndipo uombe kutazama. Ukienda umetanguliza simu watadhani umetumwa kuhesabu macho ya nyavu zao, na hapo utaambiwa leo hakuna samaki, huku unamsikia anapigapiga mkia chini ya majani.

Ukipewa samaki, tazama mkia. Loweka vidole, ufungue mkia kama unavyofungua upepeo. Sato ana mistari myembamba ya kusimama, imepangana mkia mzima, juu mpaka chini, kama meno ya kitana. Huyo ndiye mgeni wa mjomba. Yule wa kwetu, "mwenyewe", hana mpangilio huo wa kitana. Tatizo ni wale wa katikati, mistari imeanza ikafifia, au ipo nusu ya mkia. Huyo usimpe jina. Andika "mistari nusu", piga picha, endelea. Na hata mkia safi kabisa haukupi hakika yote, kwa sababu chotara wengine jicho halimwoni. Wataalamu nao walilazimika kupima umbo na vinasaba pamoja.

Mambo matatu yatakudanganya, nayo yote yameshanidanganya mimi. La kwanza ni udogo. Vitoto vya perege wengi huwa na doa jeusi kwenye pezi la mgongoni, upande wa nyuma, na kwa umri huo hufanana kama mapacha. Aliye mfupi kuliko kiganja mwache. La pili ni dume wakati wa kuzaa, maana hubadilika rangi ukadhani ni samaki mwingine. La tatu ni kifo. Rangi hukimbia ndani ya muda mfupi, kwa hiyo picha ipigwe papo hapo, samaki akiwa bado na maji mwilini.

Picha yenyewe piga hivi. Mlaze kwenye sinia jeupe au mfuniko wa ndoo, kichwa kielekee kushoto, kila samaki vivyo hivyo ili ukizipanga ziweze kulinganishwa. Nyoosha mapezi kwa kijiti cha kuchokolea meno. Weka rula kando. Kama huna, sarafu ya shilingi mia inatosha. Simama kivulini usipige kivuli chako juu yake. Halafu pima kutoka ncha ya mdomo hadi pale nyama inapoishia na pezi la mkia linapoanza. Wavuvi hupima mpaka mwisho wa mkia na wananicheka kwamba nawapunja, lakini mkia hukatika, shina lake halikatiki.

Kwenye daftari andika tarehe, jina la ziwa, na namba mbili ambazo ramani ya simu hukuonyesha ukibonyeza mahali uliposimama. Andika kavuliwa kwa kifaa gani: ndoana, mgono, kimia au wavu wa macho ya inchi ngapi, kwa kuwa wavu wa macho makubwa utakuletea wakubwa tu nawe utaandika kwamba wadogo hawapo. Na siku usiyompata uandike vilevile. Ukurasa wenye "hakuna" una thamani yake. Mimi kurasa kama hizo za mwaka mzima nilizichana nikiona aibu, sasa najuta.

Kisha maji. Hapa ndipo penye utamu. Perege wa ukoo huu, dume huchimba shimo kwenye kina kifupi, mviringo kama sahani iliyofukuliwa, akamngoja jike. Jike akishataga huokota mayai kwa mdomo akayaatamia humohumo, na watoto wakishatoka hukimbilia tena kinywani mwa mama wakitishwa. Jike akinaswa hutapika mayai ndani ya mtumbwi, hivyo vipunje vya manjano ambavyo sisi wakaangaji tulikuwa tunavisuuza na maji ya kunawia. Ukikuta jike wa namna hiyo, andika mwezi. Ukitembea kando ya ziwa maji yakiwa maangavu na jua liko juu, utaziona sahani zile chini. Hesabu, andika kina kwa kupima na fimbo, andika chini ni mchanga au tope, na kama pana matete au mayungiyungi. Rudi palepale kiangazi, maji yakiwa yamevuta nyuma, uone nini kimebaki.

Fimbo hiyo usiingie nayo majini. Kichocho kipo ukanda wetu huu, na maji yaliyotulia yenye konokono ndiyo nyumba yake. Pimia ukiwa ndani ya mtumbwi. Na kila ziwa uulize wenyeji habari za mamba na kiboko kabla hujavua viatu.

Suala la kibali watu huniuliza sana. Kumtazama na kumpiga picha samaki ambaye mvuvi amekwisha kumvua kunataka adabu tu. Kuvua mwenyewe kwa utafiti, kukata kipande cha pezi ukahifadhi kwenye spiriti, au kuhamisha samaki hai, hapo mwone afisa uvuvi wa wilaya kwanza.

Kuhamisha samaki hai nakujua vizuri kuliko ninavyopenda. Biashara ilipopanda nilichimba bwawa bondeni, nikanunua vifaranga kwenye ndoo ya lita ishirini. Muuzaji aliniambia ni perege wanaokua haraka. Walikua kweli. Masika ile kingo zikabomoka usiku, asubuhi nikakuta tope na vyura, samaki wote wameshafuata mkondo. Nililia hasara ya pesa. Miezi mingi baadaye mjomba aliniletea samaki wa kijitoni akamfungua mkia mbele yangu bila kusema neno. Kitana kilikuwepo.

Kwa hiyo mwenye bwawa, kabla ya kutia vifaranga fungua mikia ya wale wazazi, au angalau mlazimishe muuzaji akutajie jina na alikowatoa. Jiulize maji ya bwawa lako yakifurika yanashukia wapi. Kama ni ziwani, usiwatie. Mjue pia kwamba sato hata Ziwa Viktoria aliletwa, miaka ya 1950, na ngege, perege wa asili wa ziwa lile aliyekuwa kitoweo cha wote, leo watu humtafuta kwenye maziwa madogo ya pembeni. Rutamba halina pembeni ya kukimbilia. Lenyewe ndilo dogo.

Daftari likijaa usilifungie kabatini. Piga picha kurasa zote, nakala moja mpe afisa uvuvi, nyingine mwalimu wa sayansi wa shule iliyo karibu, na ukipata mtu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, mpe na yeye. Langu mpaka sasa Rutamba imechukua kurasa kumi na nne, Nambawala sita. Mitupa ina ukurasa mmoja wenye kichwa cha habari tu. Nasubiri njia ikauke, na mjomba amesema safari hii atakaa mbele kwenye bodaboda, mimi nishike beseni.