Kabla hujamnunulia mzazi saa ya kuhesabu hatua

Watoto wengi walio mbali na nyumbani siku hizi, wakifikiria zawadi ya baba au mama, wanafikia saa janja: ile ya mkononi inayohesabu hatua, inayopima mapigo ya moyo na kueleza mtu amelala saa ngapi. Wazo ni zuri, na mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Mzee aliyezoea kukaa barazani mpaka jua linazama anaweza kuanza kuzunguka mtaa kwa sababu tu anataka kuona namba ikipanda. Ila saa hizi huishia kabatini kirahisi sana, na mara nyingi chanzo ni kwamba mnunuzi alitazama saa kwanza, mzazi baadaye. Kwa hiyo kabla ya kufungua pochi, mtazame mzazi wako vizuri.

Anza na simu yake. Karibu saa zote hizi zinategemea simu janja ili ziwashwe mara ya kwanza, zipange muda na kutunza kumbukumbu. Kama mama anatumia kitochi na anakipenda, saa itakuwa pambo. Kwa mzazi wa namna hiyo kuna vihesabu hatua vidogo vya kubana kiunoni, vyenye betri ya kidonge inayodumu miezi, visivyohitaji simu wala bando. Kama ana simu janja, uliza ni ipi. Apple Watch huunganishwa na iPhone tu, na saa za Samsung kuanzia Galaxy Watch4 ya mwaka 2021 hazikubali iPhone. Mtoto aliye Marekani mwenye iPhone mfukoni anaweza kumtumia mama Apple Watch ya bei kubwa, kumbe mama ana Tecno. Bendi za Xiaomi na Huawei, na saa za Oraimo zilizojaa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi, ni rahisi zaidi kwa upande huu. Hata hivyo hakikisha toleo la Android la simu ya mzazi linatosha. Toleo linalohitajika limeandikwa kwenye boksi au kwenye ukurasa wa programu ya saa.

Sasa tuje kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote: presha na sukari. Wazazi wetu wengi wana kimoja kati ya hivyo, au vyote viwili, na wauzaji wanalijua hilo. Utaonyeshwa saa ya bei nafuu ambayo, kwa maneno ya muuzaji, inapima presha, sukari, oksijeni na joto la mwili kwa kugusa mara moja. Kuhusu sukari jibu ni fupi. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Kuna watu wanaovaa kihisi chenye sindano ndogo mkononi kinachotuma majibu kwenye saa, lakini hapo anayepima ni kihisi, saa inaonyesha tu. Fikiria mzee anayejichoma insulini akipunguza dozi kwa sababu saa imemwambia sukari yake iko sawa. Hiyo zawadi inaweza kumfikisha hospitali.

Presha ina maelezo marefu kidogo. Saa yenye taa ya kijani chini yake inasoma jinsi damu inavyopita kwenye ngozi, kisha inakisia. Samsung wenyewe, katika nchi ambako huduma hiyo imeruhusiwa, wanataka mtumiaji airekebishe saa kwa kutumia mashine ya kawaida ya presha kila baada ya siku 28. Huawei Watch D inapima kweli kwa sababu mkanda wake una kifuko kinachojaa upepo na kubana kifundo cha mkono. Hizi za bei ya chini hazina kitu hicho. Ukiwa dukani fanya jaribio hili: ifunge saa kwenye ndizi mbivu au chupa ya maji, bonyeza sehemu ya presha, usubiri. Ikikuletea 118 kwa 76, umeshajua namba zake zinatoka wapi.

Kama presha ndiyo hofu yako, nunua mashine ya presha ya mkono wa juu, yenye mkanda unaolingana na unene wa mkono wa mzazi, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Mfundishe akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Fedha ikitosha kitu kimoja tu, ningechagua hiyo mashine na saa ingesubiri. Kwa mwenye kisukari ni vilevile: glukomita, yaani mashine ya kupima sukari, kwanza, na uweke hesabu ya vijiti vyake vya kupimia, kwa sababu vinaisha na kununuliwa tena kila mara.

Mapigo ya moyo saa inayaweza, hasa mtu akiwa ametulia. Akitembea huku anarusha mikono, namba huyumba. Oksijeni ina tahadhari yake: utafiti uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba hata vipimo vya kidoleni vya hospitali vilikosea zaidi kwa wagonjwa weusi, vikionyesha oksijeni nzuri wakati damu yao ina upungufu. Usitegemee saa ifanye vizuri kuliko hivyo. Na ile picha ya umeme wa moyo inayotolewa na baadhi ya saa za bei kubwa inaangalia mpigo usio na mpangilio. Shambulio la moyo haiwezi kuligundua, na mzazi aelezwe hilo waziwazi, ili kifua kikimbana asikae anaangalia saa badala ya kuita watu.

Uliza pia dawa anazomeza. Atenolol, bisoprolol na nyingine za kundi hilo hupunguza mapigo ya moyo. Saa nyingi hukadiria kiwango cha juu cha mpigo kwa kutoa umri kutoka 220, hivyo mtu wa miaka 68 anapewa 152. Anayetumia dawa hizo anaweza kutembea mpaka jasho linamtoka na saa ikamwambia bado amepumzika. Asijilazimishe kuifukuzia namba hiyo. Kipimo chake kiwe pumzi: aweze kuongea akitembea, lakini ashindwe kuimba. Na kama amewekewa betri ya moyo (pacemaker), mwone daktari wake kwanza. FDA inashauri simu na saa janja zikae angalau sentimeta 15 kutoka mahali kifaa hicho kilipowekwa.

Halafu mtazame anavyotembea. Saa inahesabu kwa kuhisi mkono unavyobembea. Mama anayetoka sokoni ameshika beseni kichwani, au baba anayetembea taratibu na mkongojo, hatua zao nyingi hazitahesabiwa. Akilalamika kwamba saa inamdhulumu, ana haki. Kiunoni kihesabu kingemtendea haki zaidi.

Lengo la hatua 10,000 ambalo saa nyingi zimekuwa zikija nalo usiliache lilivyo. Lilianzia Japani mwaka 1965, kampuni ya Yamasa ilipouza kihesabu hatua kilichopewa jina la idadi hiyo; lilikuwa tangazo zuri la biashara. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019, uliofuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wenye wastani wa miaka 72, uliona kwamba waliofikisha kama hatua 4,400 kwa siku walifariki kwa kiwango kidogo kuliko waliotembea 2,700, na faida iliacha kuongezeka karibu na 7,500. Mwache avae wiki ya kwanza bila lengo lolote, uone kawaida yake, kisha ongeza 500. Mzazi anayeanza na hatua 2,000 akiambiwa kila jioni ameshindwa 10,000, ataivua. Na kama ana zaidi ya miaka 65, Shirika la Afya Duniani linashauri pia mazoezi ya kusimama imara bila kuyumba siku 3 au zaidi kwa wiki, ambayo saa haitamkumbusha vizuri.

Kuna mambo ya mkononi ambayo hayaandikwi kwenye matangazo. Mpe mzazi saa yoyote uliyonayo, umwangalie anavyofunga. Mkanda wa mpira wa bendi nyingi una kijipini kinachotakiwa kusukumwa ndani ya tundu kwa kidole gumba huku mkono mwingine umeshikilia chini. Kwa vidole vyenye baridi yabisi ni kazi kubwa, na anayeona haya kuomba msaada ataacha kuivaa. Mkanda wa kunata kwa kitambaa ni mwepesi zaidi. Wa sumaku pia, ila kwa mwenye betri ya moyo uuache. Kioo kiwe kikubwa na chenye mwanga wa kuonekana juani, maandishi yakuzwe. Aina zinazotoa sauti au mtikisiko wa nguvu zinamfaa asiyeona vizuri.

Kama mzazi anaswali, kumbuka udhu. Maji lazima yafike kwenye ngozi ya kifundo, kwa hiyo saa itasogezwa au kuvuliwa mara kadhaa kwa siku, na saa inayovuliwa bombani msikitini husahaulika. Hapo urahisi wa mkanda ni muhimu maradufu. Alama ya 5ATM, inayoonyesha saa inavyostahimili maji, inatosha kwa udhu na kufua, lakini sabuni na maji ya moto huchakaza mipira ya kuzuia maji. Ngozi chini ya mkanda ikaushwe, la sivyo itawasha.

Chaji ipime kwa mazingira yake. Apple Watch ya kawaida ilitangazwa kwa miaka mingi kuwa chaji yake inadumu saa 18. Bendi ndogo zinatangaza wiki mbili au zaidi. Nyumbani ambako umeme unakatika, na kwa mtu ambaye hajazoea kuchaji kitu kila usiku, sioni hoja ya kuchagua ya kwanza. Chaja nyingi ni za kipekee, kwa hiyo ongeza ya pili kwenye kifurushi.

Lipo na suala la heshima. Ukifungua akaunti kwa jina lako ukiwa Muscat au London, utakuwa unaona mzazi wako amelala saa ngapi na ametoka nyumbani lini. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kisheria, Kenya kwa sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019 na Tanzania kwa ile ya 2022, lakini hata kabla ya sheria, ni baba yako. Muulize: "Baba, ungependa nione hizi namba, au zibaki kwako?" Akisema zibaki kwake, akaunti iwe ya barua pepe yake, na nenosiri liandikwe kwenye daftari lake. Kama unachotaka ni saa inayotoa taarifa akianguka, kwanza kubalianeni simu hiyo itampigia nani, na huyo mtu awe jirani anayeweza kufika kwa miguu.

Ikibidi uitume, ifungue kwanza. Irekebishe ifuate majira ya nyumbani, chagua lugha anayoisoma, zima arifa za makundi ya WhatsApp zisimtikise mkono usiku kucha, na uache kwenye skrini vitu viwili tu: saa na hatua. Weka risiti ndani ya boksi, ukijua kwamba dhamana ya duka la ughaibuni mara nyingi haifanyi kazi nyumbani. Kisha mpigie mjukuu anayekaa na bibi, umwelekeze kuiunganisha na simu mkiwa wote hewani, kabla bando lake halijaisha.