Kabla tangazo la ajira za polisi halijakukuta Kigoma

Tangazo likitoka, steshenari za Mwanga hujaa tangu asubuhi, na wengi wanaorudi nyumbani wamenuna hawakukosa ufaulu. Wamekosa herufi moja. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi, cha kidato cha nne kinasema Hamis, na NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, imeongeza jina la babu ambalo shuleni halikuwahi kuandikwa. Hapa Ujiji yote tunayatamka sawa, ila mfumo wa maombi hausikii matamshi.

Kwa hiyo anza na NIDA, leo. Tunapakana na Burundi na Kongo, na maswali ya uraia huku ni marefu: baba alizaliwa kijiji gani, babu kazikwa wapi, nani atakushuhudia. Ukisubiri tangazo ndipo ukapange foleni, siku za maombi zitaisha ukiwa bado unamtafuta mzee wa kukutambua. Cheti cha kuzaliwa ulizia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Majina yakigongana, hati ya kiapo iandaliwe mapema.

Sasa vyuo. Jeshi la Polisi huchukua wa kidato cha nne na cha sita, pia wenye astashahada, stashahada na shahada. Aliyemaliza chuo hudhani diploma imefuta cheti cha kidato cha nne. Haikufuta, bado kinadaiwa. Tena kwa wa vyuo tangazo hutaja fani, kwa hiyo diploma nzuri ya fani isiyotajwa haikusogezi mbele. Soma pia ngazi: astashahada inayotakiwa huwa NTA 5 (NTA ni ngazi za tuzo za vyuo vya ufundi), na wako wanaoishia NTA 4 wakidhani wamefika. Faida ya chuo ninayoiona wazi ni umri. Matangazo ya karibuni yaliwawekea wa sekondari miaka 18 hadi 25, wa vyuo hadi 30. Depo, yaani mafunzo ya awali ya polisi, ni depo kwa wote.

Urefu, futi 5 na inchi 8 kwa mvulana, 5 na 4 kwa msichana, jipime ukutani bila viatu. Michoro mwilini, ndoa na mtoto navyo huulizwa.

Barua ya maombi huandikwa kwa mkono. Nimemwona mhitimu wa shahada akiichapa kwa kompyuta, kaipanga vizuri kweli, akaambiwa arudie. Kurasa tatu zikaishia kwenye ndoo kwa sababu vidole vilishasahau kalamu. Jizoeze, kisha iskaniwe isomeke. Maombi yenyewe hayalipiwi. Anayekuomba "hela ya kumwona mkubwa" anataka hela tu.

Nauli nayo iwekwe pembeni, maana usaili hujigharamia mwenyewe. Wa vyuo wanaweza kuitwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni. Vyeti halisi vifunge kwenye nailoni, uvipakate. Visipande kwenye buti la basi wala chini ya kiti, palipo na ndoo za mawese za abiria wenzako.