Kabla ya Kuhamisha Mkopo Wako Benki Nyingine

Benki mpya inaponunua mkopo wako, hulipa deni lililobaki kwenye benki ya awali, nawe unaanza marejesho upya kwa riba na muda mwingine. Anza kwa kuomba barua ya salio la deni, kisha uliza ada ya kulipa kabla ya muda, bima na gharama za kuandaa mkopo.

Usivutwe na makato madogo ya mwezi. Deni la shilingi 6,000,000 kwa riba ya asilimia 18, lililobakiza miezi 30, hukatwa takriban 250,000 kwa mwezi, jumla 7,500,000. Ukilihamishia kwenye asilimia 16 kwa miezi 48, makato hushuka hadi 170,000, lakini jumla hupanda kufikia 8,160,000. Omba muda uleule wa miezi 30.