Ojalá si inshallah: Kihispania kwa anayejua Kiswahili

Mwaka wangu wa kwanza Valencia, Uhispania, mwenzangu wa kazini alinialika kwake Jumamosi tule paella, wali wao wa huku. Nikamjibu kwa furaha: "¡Ojalá!" Nilishasikia kwamba neno hilo limetokana na Kiarabu, "Mungu akipenda", basi nikalitumia kama inshallah ya nyumbani. Jumamosi nikatokea na tikiti maji kwapani, nikakuta watu wameshakula, hata ukoko umekwanguliwa. Kumbe ukialikwa Uhispania ukajibu "ojalá", umesema: natamani, ila ndiyo hivyo, sitaweza. Inshallah yetu huandamana na ahadi. Ojalá ni ya kutamani tu. Ukitaka kukubali mwaliko, sema "sí, claro", uje na njaa yako.

Tangu siku hiyo nikayaheshimu maneno ya Kihispania kama mtu anavyowaheshimu ndugu waliolelewa mji mwingine. Damu ni moja, tabia si moja. Majeshi ya Kiislamu yalivuka kutoka Afrika Kaskazini mwaka 711, na dola yao ya mwisho huku, Granada, ikaanguka mwaka 1492. Karibu karne nane hizo ziliacha Kiarabu kingi vinywani mwa watu, kama majahazi yalivyokileta kwetu pwani. Tofauti ni kwamba Wahispania mara nyingi waliyachukua maneno pamoja na ile "al" ya mbele, ikaganda humohumo, pengine ikibaki "a" tu. Kwa hiyo ukiwa sokoni, mnyofoe mtu kilemba umwone uso: azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, aceituna ni zeituni. Berenjena halina kilemba, bilinganya huyo unamjua.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni dogo: hasta. Ni hata yetu, yenye kazi zake zote mbili. "Hasta los niños lo saben" ni hata watoto wanajua. Na ile hata ya zamani, ya maana ya mpaka, iliyobaki kwenye Zaburi, "Ee Bwana, hata lini", nayo ipo: "¿hasta cuándo?" Nilipoligundua hilo nilikuwa kwenye foleni ya vibali vya kuishi, mahali pazuri kabisa pa kuuliza hata lini.

Tukiwa bado maofisini: alcalde ni meya, lakini asili yake ni kadhi. Aduana ni forodha, na ndani yake amejificha diwani, yaani ofisi ya hesabu za serikali. Mama akikutumia kifurushi cha iliki na karatasi ikaja imeandikwa "aduana", usiitupe; soma tarehe ya mwisho, maana kifurushi kisipodaiwa hurudishwa. Tarifa ni taarifa yetu, ila imehamia kwenye bei. Kampuni ya umeme ikikuandikia kwamba tarifa imebadilika, imekutaarifu kweli, na mfuko wako pia umehusishwa. Nómina, karatasi ya mshahara, haikutoka kwa Waarabu. Ni Kilatini, majina, maana ilianza kama orodha ya majina ya watu. Zitunze zote. Ukitafuta nyumba ya kupanga utaombwa za miezi ya karibuni, pamoja na fianza, amana ambayo kisheria kwa nyumba ya kuishi ni kodi ya mwezi mmoja, ingawa mwenye nyumba anaruhusiwa kudai dhamana nyingine juu yake.

Na huyo mwenye nyumba usimlilie kwamba wewe ni mezquino. Ni maskini kwa ukoo, lakini siku hizi maana yake ni bahili, mtu wa roho ndogo. Asiye na kitu ni pobre.

Barrio, mtaa, ni jamaa wa bara. Kwa Kiarabu ni la nje, la upande wa nchi kavu. Kwa Wahispania likawa mtaa, kwa Mzanzibari likawa ng'ambo ya maji.

Matamshi yasikutishe. Kwa Kihispania cha Madrid, z, na c ikifuatwa na e au i, ni th ya thelathini. J ni kh ya kheri. H haitamkwi kabisa. Aliyesoma madrasa yuko mbele ya wenzake darasani.

Siesta nayo inatufaa sana. Ni Kilatini, saa ya sita, ikihesabiwa tangu jua kuchomoza. Yaani saa sita mchana, hesabu ileile ya bibi yako. Lakini Wahispania wa leo wamechelewa: wanakula saa nane, na katika miji midogo maduka mengi hufungwa hadi karibu saa kumi na moja. Nenda asubuhi.

Sasa mitego. Fulano ni fulani, hakuna neno. Ukiligeuza likawa la kike, fulana, linakuwa tusi kwa mwanamke, la kumwita malaya. Dukani sema camiseta, tafadhali. Pera si pera letu bali ni tunda jingine, pea. La kwetu liite guayaba. Baba, kwa Kihispania, ni udenda unaomchuruzika mtoto mdomoni. Na kaka ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu caca ni kinyesi, tena kwa lugha ya watoto. Siku moja niko kwenye basi, namtuliza kaka yangu kwa simu: sawa kaka, nimekuelewa kaka, haya kaka. Mtoto wa kiti cha mbele akamgeukia mama yake, akamwambia kwa sauti kwamba yule bwana amebanwa. Mama akanitazama kwa huruma, akanibonyezea kitufe cha kusimamisha basi.